Mashini Iliyolala Yaya Akisema

Sauti ya yaya wangu, dada yangu mkubwa, ilitoka kwenye ile mashini safi kabisa, kama vile ameketi nasi pale ofisini. Alikuwa ameshazikwa. Tulikuwa watu wanne mezani: mimi, wakili wetu, mkuu wa ofisi na fundi wake wa mashini. Yaya alikuwa anasema: "Tuko tunapanda kile kilima, mi niko pa mbele, pembeni ya shofere. Njo nikaona ile kamio ya asidi inatokea..." Radi ikalia ndani ya mashini. Niliitambua, ilikuwa radi ya siku tuliyochukua sauti yake. Yaya akaita: "Kioo!" Kisha kikasikika kitu kidogo, kama mtu amegonga sahani kwa ukucha. Halafu, papo hapo, yaya akasema: "Bon, njo bile. Simamisha, niko na kiu."

Njo bile, ndivyo hivyo, na sauti ikaishia hapo.

Wakili akauliza: "Na ya katikati iko wapi?" Fundi akarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Lori linatokea, ukucha, niko na kiu. Akarudisha tena. Lori, ukucha, kiu. Mkuu wa ofisi alikuwa anaangalia dirishani. Mimi nilikuwepo siku ile, magoti yangu yakigusana na magoti ya yaya, na najua kwamba kati ya lile lori na ile kiu yaya alisema kutoka mvua ilipoanza mpaka ilipokatika. Aliyasema yote. Yote yalikuwa yameingia ndani ya kile kitu cha ukucha na hayakutoka.

Nikamuuliza fundi: "Maneno yake imeenda wapi?"

Akajibu bila kuniangalia: "Mama, mashini ilikuwa imelala."

Nitaeleza kutoka mwanzo. Majina ya watu sitayaandika. Wenyewe wakisoma watajitambua, na sisi tunaoishi hapa Lubumbashi tunawajua.

Mimi na yaya tulikuwa wauza bunga, yaani unga. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, alishuka kutoka kaskazini ya Katanga na mke na sanduku moja, tukazaliwa huku chini. Shule niliiacha msingi haijaisha. Tulikuwa tunaenda Mokambo, tunavuka ng'ambo ya Zambia, tunarudi na magunia ya bunga ya mahindi, tunauza. Ilikuwa kazi ya vumbi na ya kupigana na wabeba mizigo, lakini tulikuwa tunaipenda. Yaya alikuwa na sauti kubwa ya kuuza. Akisema bei, mnunuzi aliona haya kuipinga.

Siku ile tulikuwa tunarudi. Gari lilikuwa limejaa. Yaya aliketi mbele na shofere kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba. Mimi na wengine tulikuwa nyuma, juu ya magunia, tumeangalia kule tunakotoka. Hili ni jambo kubwa, ndiyo maana ninalisema mapema: sisi wa nyuma tuliona barabara inayobaki. Ile inayokuja hatukuiona. Nilisikia gari linapanda majani ya pembeni, nikasikia shofere wetu anapiga kelele, nikasikia chuma. Kisha kitu kama maji ya moto kikanipata shingoni na mkononi, na magunia yakaanza kutoa moshi.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Shofere wetu alikufa palepale. Na wenzetu wengine. Mimi nilibaki na shingo hii ambayo nikivaa kikwembe naifunika. Yaya alibaki na miguu iliyoliwa na kifua ambacho hakikupona tena, kwa sababu alivuta ule moshi.

Dereva wa lile lori alitoroka. Mwenye malori akaenda mahakamani na mawakili, akasema shofere wetu ndiye aliyeacha upande wake. Maiti haiwezi kujibu. Mke wake alikuwa anakaa pale mahakamani na macho chini, watu wanamwangalia kama mke wa muuaji. Aliyeketi mbele na kubaki hai alikuwa mtu mmoja, yaya wangu. Kesi yetu sisi wote ilikuwa ndani ya kinywa chake.

Lakini yaya hakuweza kusimama mahakamani. Ngazi tatu tu zilikuwa zinamtoa pumzi, na mbele ya watu kikohozi kilimkamata mpaka machozi. Ndipo ikaja ile ofisi. Ni ofisi ya kusaidia watu walioumizwa na makampuni, wana gari zuri na kalenda zenye picha zetu. Wakasema: tutachukua sauti. Kila aliyepona ataeleza nyumbani kwake, kwa utulivu, na sauti itakwenda kwa jaji. Wakatuletea ordinateri, ile kompyuta ya kufunga kama kitabu, wakaiweka kwangu Makomeno kwa sababu mlango wangu ni wa chuma.

Fundi wao alikuja kutufundisha. Mtu msafi, viatu vya ncha, anasema taratibu kama padri. Akaweka mashini mezani, akasema:

"Aba mamama, musikilize. Ile système, ile programu iko ndani, haiko ya kununua. Iko ya bure. Iko ya bantu bote. Kila muntu anaweza kuifungua, aone vile inatumikaka, abadilishe vile anataka. Haina mwenyewe."

Kitu cha watu wote: tukapiga makofi. Sisi tulizoea vitu vyenye wenyewe.

Akatuonyesha: hapa kitufe chekundu, kuanza. Hapa mraba, kusimamisha. Akamaliza kwa kusema: "Na mukimaliza, mufunge muzuri, vumbi isiingie." Akakifunga kile kifuniko kwa kiganja, polepole.

Wa kwanza kueleza alikuwa mzee mmoja wa kundi letu ambaye mikono yake iliungua. Akaanza vizuri. Katikati umeme ukakatika, kama kawaida yake, lakini mashini ina batri, tukaendelea. Baada ya muda kidogo kioo kikawa cheusi. Mzee akauliza: "Imekufa?" Nikagusa, ikaamka. Tuliposikiliza, maneno ya mzee yalikuwa na tundu. Akarudia, maskini, akitoa jasho.

Basi fundi alipokuja tena nikamwambia.

"Papa fundi, mashini inalalaka."

"Inalala ju ya kuokoa batri, mama. Kwenu huku kuran ya umeme haikae."

"Lakini inalala na sisi tuko tunasema."

"Yenyewe haijue kama muko munasema. Inaona tu hamuigusi. Muguse-guse pale chini na kidole."

"Haiwezi kubadilishwa?"

"Inaweza. Iko kwa réglages, kwa mipangilio, pa énergie. Unaiambia: kama kuran haiko, usilale. Njo bile tu."

"Basi uibadilishe."

"Ah non. Ofisi yote iko na réglage moja, mashini yote inafanana. Nikianza kubadilisha ya kila mama, nitamaliza wapi?"

"Basi tupatie mot de passe, ile neno ya siri, tubadilishe sisi benyewe."

Hapo akacheka. "Mama, sonerie, ile mulio ya simu yako, si batoto njo banakuwekeaka?"

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Yaya peke yake hakucheka. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na ukuta, akainua kichwa:

"Papa, ulisema iko ya bantu bote. Sisi hatuko bantu?"

"Muko bantu, mama mukubwa. Lakini munaweza kuharibu."

"Tuiharibu namna gani? Sisi tuliharibiwa tayari na tuko tunatumika kazi bado."

Fundi akatabasamu, akachukua begi lake. Naye hakuwa mtu mbaya wa uso. Lakini siku ile tulimwambia ugonjwa wa ile mashini kwa mdomo wetu, mbele ya mashahidi, na dawa alikuwa nayo mfukoni, akaondoka nayo.

Basi tukaishi na kile kidole. Kila mtu akieleza, mimi nilikaa pembeni nikigusa-gusa, kama mtu anayemkumbusha mlinzi asisinzie. Nilizoea. Mkono wangu ulijifunza kufanya hivyo huku masikio yanasikiliza, kama vile unavyosonga bukari huku unaongea na jirani.

Yaya alikataa kwa muda mrefu. Kila nikimwambia, alisema kifua, au alisema kesho. Nilielewa. Kitu kile ukikisema, unapanda tena kile kilima, unakaa tena kwenye kile kiti. Lakini siku moja katikati ya mvua za mwaka huo aliamka, akaoga, akavaa kikwembe chake cha misa, akaniambia: "Leo. Leta ile kintu." Akataka chai kwanza. Akataka mlango ufungwe, na kuku watolewe uani wasije kumkatiza. Umeme haukuwepo tangu asubuhi, lakini batri ilikuwa imejaa, niliijaza mwenyewe kwa jirani.

Alianza mbali, kama tunavyofanya kwetu. Akasema baba yetu ni nani, mama yetu alitoka wapi, tulianzaje kuuza bunga. Nilitaka kumwambia afupishe, nikaacha. Kidole changu kilikuwa pale chini. Akafika Mokambo. Akafika barabarani. Akaingia kwenye kilima.

Ndipo radi ikapiga, ya kwanza, karibu sana. Bati zikatetemeka.

Sasa, mtu asiye wa huku anaweza kutushangaa, kwa hiyo naeleza. Radi ikianza, nyumba yetu inajua kazi yake. Simu zinazimwa. Vijiko na masufuria vinaondolewa mezani. Kioo chochote kinachong'aa kinafunikwa, kwa sababu kioo kinaiita. Mama yetu alitufundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo, na sijaona ua mmoja katika mtaa wetu ambao haufanyi. Hapa ardhi ina shaba, kila msimu radi inachukua mtu. Mtu anayeacha kioo wazi wakati wa radi ni mtu anayewatafutia wenzake kifo.

Yaya akasema: "Kioo!" Nikaruka kwenda kufunika kile cha kabati. Niliporudi, alikuwa ameshafunga mashini kwa mkono wake, polepole, kwa kiganja, kama fundi alivyotuonyesha, na juu yake ameweka kile kitambaa cha kusuka kinachokaa kwenye televizyo. Wala hakuwa amenyamaza. Alikuwa anaendelea kusema.

Nikamuuliza: "Iko inasikia?"

"Radio ukiifunika, inanyamazaka?"

Radio yetu imekaa chini ya kitambaa miaka yote na inasema. Simu ukiitia kwenye mfuko inaimba. Nikaketi. Kidole changu kikapumzika. Nikafurahi hata, kwa sababu sasa niliweza kumsikiliza vizuri.

Na yaya akasema. Sijawahi kumsikia mtu akisema vile. Sauti yake ya kuuza ilirudi, akaipandisha juu ya mvua ili mashini isikie. Alisema lile lori lilitokea juu ya kilima likiwa upande wetu, si upande wake, likimpita mwenye baiskeli. Alisema dereva wake alikuwa na simu sikioni, bega limeinuka, kichwa kimeangalia pembeni. Alisema shofere wetu alipanda majani kabisa, magurudumu yakaingia mtaroni, hakuna tena mahali pa kwenda. Na alisema kitu ambacho hakuwahi kuniambia hata mimi: tangi lilipofunguka, shofere alikuwa amebanwa na usukani, akageuza mguu wake, akampiga yaya teke la ubavuni mpaka mlango ukafunguka akaanguka nje. "Alinitosha, alinitoa inje na muguu," yaya alisema. "Mi nilifikiri ananipiga. Alikuwa ananitosha." Akalia kidogo. Akasema mke wake ajulishwe.

Mvua ikapungua. Nikaondoa kitambaa, nikafungua. Kioo kikawaka, ile nukta nyekundu ilikuwa palepale, namba zinakwenda. Nikamwonyesha kwa kichwa kwamba iko. Yaya akapumua.

"Bon, njo bile. Simamisha, niko na kiu."

Nikabonyeza mraba. Nikampa maji. Akanywa, akalala, alilala vizuri kuliko siku zote.

Fundi alikuja kuchukua sauti. Nikamwambia: "Papa, ndani humu iko ya yaya. Njo yenyewe." Nikamwomba waisikilize haraka. Akasema: "Tutasikiliza, mama."

Hapa ndipo ninapowataja wawili. Fundi aliipeleka sauti ofisini. Mkuu wa ofisi aliipokea. Na wote wawili wakaiacha ikae. Kama wangesikiliza siku ile, wangeona tundu. Hata kama wangesikiliza mvua zikiwa zinaisha, wangeona. Yaya alikuwa hai! Alikuwa kwenye mkeka wake, anasuka, anagombana na kuku. Kila nikirudi sokoni aliniuliza: "Bamesha kusikia?" Nilikuwa nampigia simu mkuu wa ofisi. "Mama, mafaili iko mingi." Nilipanda taksibisi nikaenda mwenyewe, nikaambiwa mkuu yuko kwenye semina. Nikaenda tena. Nikapewa kalenda.

"Banasema nini?" yaya aliuliza.

"Banasema watasikia."

"Ubaambie ya muke wa shofere isisahaulike. Ile njo ya kwanza."

Mvua zikaisha. Vumbi likaja, na watu wakaanza kuchoma majani, na moshi ule ndio uliomaliza kifua chake. Alikufa mchana, mimi nikimshikia kikombe. Alikufa akijua amesema. Hilo ndilo lililonifariji kwenye matanga yote; niliwaambia waliokuja: hakuondoka na kitu moyoni, alikiacha mahali salama. Nilimwambia hata mke wa shofere. Nikamshika mikono nikamwambia: subiri kidogo, utasikia kwa masikio yako.

Sikumwambia lile la mguu. Nilitaka alisikie kutoka kwa yaya mwenyewe.

Siku ya mahakama ilipokaribia, ndipo wakatuita tusikilize. Nimeshasema tulichosikia.

Baada ya fundi kusema mashini ilikuwa imelala, nilimwambia haiwezekani, niliona ile nukta nyekundu. Akaeleza, tena kwa ile sauti ya padri, kwamba kifuniko kikifungwa mashini inalala papo hapo, na kikifunguliwa inaamka na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Yenyewe haijui kwamba imelala.

"Ju ya nini haukutuambia?"

"Mama, nani anafungaka mashini na iko inatumika?"

"We papa. Kwenu radi ikipiga, munafanyaka nini?"

"Kwetu tuko na paratonnerre, ile chuma ya kukamata radi."

"Na kwa mama yako?"

Akashusha macho kwenye viatu vyake vya ncha. Nikaona kwenye uso wake kwamba kwa mama yake wanafunika. Mkuu wa ofisi akaingia kati, akasema hakuna haja ya kutafuta mwenye kosa, ni bahati mbaya, ni mambo ya kiufundi. Wakili akakusanya karatasi zake. Mimi nilishuka ngazi nikakaa kwenye ukuta wa nje.

Kisha mradi wao ukaisha. Ofisi ikatuachia ile mashini, zawadi kwa kundi, pamoja na picha ya kupeana mikono. Neno la siri hawakutuachia. Nilipouliza, wakasema fundi amepata kazi kwingine.

Nina jirani mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, mwanamke wa rika langu, mcheshi, tunagombania kivuli kila siku. Nilimpelekea. Akaigeuza-geuza, akasema: "Kumbe iko hii système! Nami niko nayo hapa. Hii haiko ya kufungia bantu." Akachomeka flash, ule ufunguo wake mdogo wa kuhifadhi vitu, akaiwasha, akaandika maneno mawili matatu kwenye kioo cheusi, akaweka neno la siri jipya. Akaniambia: "Chagua yako." Nikachagua.

Kisha akanionyesha. Alifungua ile sehemu ya umeme ambayo fundi alinitajia kwa mdomo tu. Nilidhani nitakuta kitu kama ndani ya injini. Ni mistari ya maswali, ambayo hata mimi wa msingi niliyaelewa aliponisomea. Umeme ukiwepo, ilale baada ya muda gani? Umeme usipokuwepo? Batri ikibaki kidogo, izime au ilale? Na chini yake: kifuniko kikifungwa, ifanye nini? Pale palikuwa pameandikwa: ilale. Jirani akabonyeza, yakatokea majibu mengine, na moja lilikuwa: isifanye kitu.

"Weka hiyo," nikamwambia.

"Weka mwenyewe. Iko kidole yako."

Nikaweka. Akasema ukitaka kuwa na hakika, kuna na faili moja ndani kabisa yenye mstari wa kifuniko, akaifungua, akaandika neno lenye maana ya usikijali kifuniko, akaihifadhi. Maji ya chai yalikuwa jikoni kwenye mbabula ya makaa hayajachemka bado.

Jirani akasema: "Jaribu."

Nikabonyeza chekundu. Nikafunga. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikaifunika. Sikujua niseme nini, nikasema majina ya baba na mama, nikasema tunatoka wapi, na nilipofika Mokambo nikashindwa. Nikafunua, nikafungua, nikabonyeza mraba. Jirani akasikilizisha. Nilikuwemo mzima. Hata gari lililopita barabarani lilikuwemo, na jirani akikohoa, na pale niliposhindwa palikuwemo, kimya chake chote.

Jirani alicheka kwa kufurahi, kisha akaniona uso, akaacha. Akanipa chai.

Mahakamani wamesema hakuna shahidi aliyeona. Waliisikiliza ile sauti, wakasema mama huyu anasema lori "linatokea", lakini hasemi linatokea upande gani. Mimi niliposimama kusema aliyoyasema yaya, wakili wa mwenye malori akauliza: "Wewe uliona, au uliambiwa?" Nilikuwa nyuma, juu ya magunia. Nikasema niliambiwa. Akaketi. Mke wa shofere alikuwa pale, macho chini kama siku zote. Tulipotoka nilimweleza lile la mguu, palepale kwenye ngazi, kwa maneno yangu mabaya. Akaniuliza: "Iko kweli, ao uko unanifariji?" Sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Wakili anasema bado tunaweza kukata rufani, na kwamba jaji wa juu anaweza kukubali kusikia jinsi sauti ilivyopotea, kama wale waliokuwa nayo watakuja kusema. Amewaandikia. Hawajajibu. Nami nimewatafuta. Mkuu wa ofisi haipokei simu yangu, fundi naye amebadilisha namba.

Mwenye malori na dereva wake kesi yao ninayo na nitaifuata. Lakini ninyi wawili nawauliza hapa. Wewe fundi, tulikuambia mashini inalala, ukatucheka, ukaondoka na ufunguo wa kitu ulichosema hakina mwenyewe. Wewe mkuu, sauti ya mgonjwa ilikaa kwako kutoka mvua mpaka vumbi, na hukunyoosha mkono kuisikiliza. Siwaombi pole. Mje mbele ya jaji, muinue mkono, museme: yule mama aliona, yule mama alisema, na sisi ndio tuliopoteza. Mke wa shofere awe amekaa pale anawasikia. Mnakuja lini?